Dakika Tatu Zinatosha: Kuunganisha UPS na Kompyuta ya Linux

UPS nyingi huishi chini ya meza zikiwa na kazi moja tu: kulia umeme unapokatika. Mlio ukianza, aliye karibu hukimbilia kuhifadhi kazi yake. Asipokuwapo mtu, UPS hulia mpaka betri inaisha, kompyuta inazimika ghafla, na matokeo yanakuwa yaleyale ambayo yangetokea kama fedha za kuinunua zingebaki mfukoni. Nyuma ya UPS hiyohiyo, mara nyingi, kuna tundu la USB ambalo halijawahi kuchomekwa kitu. Kupitia tundu hilo UPS inaweza kuiambia kompyuta kwamba umeme umekatika, na kompyuta ikajizima kwa utaratibu bila kumsubiri mtu. Kwa Linux kazi hiyo haihitaji kununua programu yoyote. Inahitaji saa moja ya utulivu, na uamuzi ambao wengi huukosea: ni lini kompyuta ijizime. Jibu la mwongozo huu ni kwamba ijizime mapema sana, dakika tatu baada ya umeme kukatika, hata kama betri bado imejaa. Jibu hilo litawaudhi waliozoea kuhesabu UPS kuwa akiba ya kufanyia kazi gizani, kwa hiyo tuanze na sababu.

Kwa nini UPS, wakati gridi imefika?

Pingamizi la kwanza lina uzito wake. Kwa miaka mingi wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, hazikuwa kwenye gridi ya taifa. Miji yake ilitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, na dizeli ikichelewa au mashine ikiharibika, giza lilikuwa la wote. Leo hali ni nyingine. Kituo cha kupoza umeme cha Nyakanazi, ndani ya Wilaya ya Biharamulo, kinapokea laini ya kilovolti 220 kutoka Geita na nyingine kutoka Rusumo, ambako maporomoko ya mto Kagera yanazalisha megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Mtu wa Nemba, huko Biharamulo, anaweza kuuliza kwa haki: umeme unazalishwa jirani, UPS ya nini?

Tatizo ni kwamba megawati za Rusumo hazifiki mezani kwako moja kwa moja. Zinapita kwenye laini ndefu za usambazaji zilizosimama juu ya nguzo, katikati ya miti, katika ukanda wa Ziwa Victoria ambao ni kati ya maeneo yenye radi nyingi zaidi Afrika. Tawi likigusa waya au radi ikipiga karibu, vifaa vya ulinzi wa laini hukata umeme, na vingine hujaribu kuurudisha vyenyewe baada ya sekunde chache. Kwenye taa unaona kupepesa tu. Kompyuta ya mezani haijui kupepesa: kwake kukosa umeme kwa sekunde moja ni sawa na kung'olewa plagi. Na kuna katizo jingine ambalo gridi bora kiasi gani haiwezi kuliponya, yaani uniti za Luku kuisha usiku wakati hakuna mtu ofisini.

Kinachoharibika kompyuta ikizimika ghafla ni kile ilichokuwa katikati ya kukiandika. Ili ifanye kazi haraka, Linux haipeleki kila kitu kwenye diski papo hapo. Kwa mipangilio ya kawaida data inaweza kukaa kwenye kumbukumbu ya muda hadi sekunde 30 kabla ya kuandikwa. Mfumo wa mafaili wa ext4, ambao Ubuntu na Debian huutumia, una jarida linalolinda mpangilio wa diski usivurugike, na ndiyo maana kompyuta nyingi za Linux huwaka tena bila kelele baada ya kukatikiwa umeme. Kuwaka huko kunawadanganya watu. Jarida linalinda rafu. Halikuahidi kwamba kila kitabu kitakuwa na kurasa zake zote. Faili la matokeo ya wanafunzi lililokuwa linahifadhiwa, au hifadhidata ya wagonjwa iliyokuwa inaandikwa, inaweza kurudi pungufu. SSD za bei ya chini zinaongeza hatari, kwa sababu hazina kapasita za kushikilia umeme hadi uandishi ulioanza umalizike.

Kwa nini usiendelee kufanya kazi kwa betri?

Hapa hesabu inasema zaidi ya maneno. UPS ndogo ya kawaida, ile inayoandikwa 650 VA, huwa na betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha: ni wati-saa 84. Kompyuta ya mezani na skrini yake vikila wati 100, kichwa kinakuambia una karibu dakika 50. Huna. Ampea-saa 7 hupimwa betri inapotolewa umeme polepole kwa saa 20; ikikamuliwa kwa nguvu inayohitajika hapa, hutoa karibu nusu tu, na sehemu nyingine hupotea kama joto wakati UPS inageuza volti 12 kuwa 230. Betri mpya kabisa itakupa kama dakika 20. Betri ya miaka mitatu iliyokaa kwenye chumba chenye joto inaweza kukupa nne, na hakuna alama nje ya kasha itakayokuonyesha tofauti.

Zaidi ya hapo, betri hizi za risasi na asidi hazipendi kukaushwa. Kila unapoitumia hadi mwisho unapunguza umri wake, na ikikaa tupu kwa saa nyingi kwa sababu umeme haujarudi, sahani zake za risasi hugandwa na salfati ambayo kuchaji hakuwezi kuiondoa yote. Kwa hiyo mtu anayefanya kazi dakika 15 gizani kila umeme ukikatika ananunua dakika hizo kwa bei ya betri. Anayeiacha kompyuta ijizime baada ya dakika tatu anabaki na betri iliyojaa kwa katizo linalofuata, na katika msimu wa mvua makatizo huja kwa mfululizo: umeme unarudi, unakaa kidogo, unakata tena. Mfululizo huo ndio unaoua kompyuta, kwa kuwa katizo la pili hukuta betri imemalizwa na la kwanza.

Utauliza, mbona tatu na si moja au kumi? Makatizo mafupi, yale ya laini kujirudisha yenyewe, huisha ndani ya sekunde au dakika moja hivi. Lililovuka dakika tatu kwa kawaida linasubiri fundi afike kwenye nguzo, na fundi hafiki kwa dakika kumi. Kungoja zaidi ya hapo hakukuletei faida, kunakula betri tu.

Unaponunua

Hapa nitakuwa mfupi. Hakikisha UPS ina tundu la USB na waya wake umo ndani ya boksi. Zipo zinazofanana kwa sura, moja ina tundu na nyingine haina. Hakikisha imeandikwa volti 220 hadi 240, kwa sababu katika mitumba zimo za Marekani za volti 120, nazo zitaungua. Chagua yenye uwezo wa kurekebisha volti yenyewe, kwani volti kushuka jioni ni jambo la kawaida mwishoni mwa laini, na UPS isiyo na uwezo huo itahamia kwenye betri kila volti inaposhuka. Jumla ya wati za vifaa utakavyochomeka isizidi nusu ya namba ya VA iliyoandikwa kwenye kasha. CD ya programu inayokuja nayo weka pembeni.

Kuunganisha waya

1. Zima kompyuta. Chomeka UPS kwenye soketi ya ukutani yenye ethi. Usitumie ekstensheni, na usikate wala kupinda pini ya ethi ili plagi iingie. Ulinzi wa UPS dhidi ya radi humwaga nguvu ya ziada kwenye waya wa ethi. Kama ethi haipo, nguvu hiyo haina pa kwenda ila kwenye vifaa vyako. Nyumba iliyofungwa waya bila fito ya ethi ardhini irekebishwe na fundi kwanza.
2. Iache ichaji saa nane hivi kabla ya kuitegemea.
3. Chomeka kompyuta na skrini kwenye matundu ya upande wa betri. Kama ruta ya intaneti ina kazi ya kuendelea, nayo iingie hapo. UPS nyingi zina tundu moja au mawili yenye ulinzi tu bila betri, soma maandishi.
4. Printa ya leza usiichomeke upande wa betri kamwe. Inapopasha moto hudai wati nyingi kwa mpigo, na UPS itajizima kwa kuzidiwa, ikizima na kompyuta.
5. Chomeka waya wa USB kutoka UPS hadi kwenye kompyuta moja kwa moja, bila kupitia kigawanyio cha USB. Baadhi ya UPS za APC zina tundu la mawasiliano linalofanana na la waya wa mtandao. Hilo lina waya wake maalumu. Waya wa kawaida wa mtandao ukiingizwa hapo hautafanya kazi.

Kuitambulisha kwa Linux

Kama unatumia Ubuntu yenye dirisha la kawaida, chomeka USB kisha fungua mipangilio ya umeme. UPS nyingi zitajitokeza hapo zenyewe, zikionyesha asilimia ya betri, bila wewe kusakinisha chochote. Wengi huishia hapo na kuridhika. Usiridhike. Utaratibu huo wa ndani husubiri mpaka betri ifike hali ya hatari ndipo uchukue hatua, na betri iliyochoka, kama tutakavyoona, hufika hali ya hatari sekunde chache kabla ya kufa. Tunahitaji programu inayokubali kupangiwa muda.

Programu hiyo ni NUT, ambayo imekuwapo tangu miaka ya 1990 na inajua kuzungumza na UPS za kampuni nyingi sana. Ipo nyingine, apcupsd, rahisi zaidi kuipanga, lakini imetengenezwa kwa ajili ya APC. Ukibadilisha UPS utaanza upya. Napendekeza NUT hata kwa mwenye APC. Amri zifuatazo ni za Debian na Ubuntu. Kifurushi ni kidogo, bando la simu linatosha.

1. Fungua terminali, sakinisha:

sudo apt update
sudo apt install nut

2. Chomoa waya wa USB, uchomeke tena. Hatua hii inaonekana ya kijinga, lakini ruhusa za kutumia UPS huwekwa wakati kifaa kinapochomekwa. Bila hivyo draiva hulalamika kwamba haina ruhusa, na watu hupoteza jioni nzima wakitafuta kosa mahali pengine.

3. Tazama kama kompyuta inaiona:

lsusb

Tafuta mstari wa UPS. Ukiona 051d, hiyo ni APC. Ukiona 0665:5161, una moja ya UPS nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa majina tofauti huku ndani zikiwa na kifaa kilekile cha mawasiliano. Kama hakuna mstari unaoongezeka UPS inapochomekwa, shuku waya kwanza. Nyaya za USB zilizotengenezwa kwa kuchaji simu pekee hazipitishi data.

4. Fungua faili la draiva kwa amri ya sudo nano /etc/nut/ups.conf, uongeze mwishoni:

[ofisi]
driver = usbhid-ups
port = auto

Draiva ya usbhid-ups inafaa APC, Eaton, CyberPower na nyingine zinazofuata kanuni ya USB iliyowekwa kwa ajili ya UPS. Kwa zile za 0665:5161 andika nutdrv_qx badala yake. Ukikosea hakuna kitakachoungua: draiva itakataa kuanza, utajaribu nyingine. Amri ya sudo nut-scanner -U mara nyingi hukutajia draiva inayofaa.

5. Katika /etc/nut/nut.conf badilisha mstari wa MODE uwe:

MODE=standalone

Usiweke nafasi kabla wala baada ya alama ya sawasawa. Faili hilo husomwa na programu isiyo na huruma katika jambo hili.

6. Katika /etc/nut/upsd.users tengeneza mtumiaji wa ndani na nenosiri lako mwenyewe:

[mlinzi]
password = wekalako
upsmon primary

7. Katika /etc/nut/upsmon.conf ongeza:

MONITOR ofisi@localhost 1 mlinzi wekalako primary

Kwenye Ubuntu 22.04 na matoleo ya zamani ya NUT, neno primary halijulikani. Andika master mahali pote pawili.

8. Washa huduma, kisha uliza hali:

sudo upsdrvctl start
sudo systemctl restart nut-server nut-monitor
upsc ofisi@localhost

Utaona orodha ndefu. Yenye maana kwako ni ups.status: OL maana yake UPS inapata umeme wa ukutani, OB inatumia betri, LB betri inakaribia kuisha. Tazama pia input.voltage, inayokuonyesha volti halisi inayofika kwako. Andika namba hiyo mara kadhaa jioni. Ikiwa inashuka sana kila siku, una ushahidi wa kupeleka ofisi ya TANESCO badala ya malalamiko ya mdomo.

Kuipa dakika tatu

Ukiacha mambo yalivyo sasa, NUT itazima kompyuta UPS itakapotangaza LB. Hapo ndipo miongozo mingi huishia, na hapo ndipo inapokosea kwa mazingira yetu. UPS za bei nafuu hazipimi kilichobaki kwenye betri; hukisia kutokana na volti yake, na volti ya betri iliyochoka huonekana nzuri mpaka ghafla inaporomoka. Tangazo la LB likija na kompyuta ikahitaji sekunde 40 kufunga hifadhidata yake, sekunde hizo huenda hazipo. Saa ya kompyuta, kwa upande mwingine, haikisii. Ndiyo maana tunapanga muda na kuiacha LB iwe kinga ya mwisho.

1. Ongeza katika /etc/nut/upsmon.conf:

NOTIFYCMD /sbin/upssched
NOTIFYFLAG ONBATT SYSLOG+EXEC
NOTIFYFLAG ONLINE SYSLOG+EXEC

2. Katika /etc/nut/upssched.conf hakikisha mistari inayofanya kazi ni hii, kwa mpangilio huu:

CMDSCRIPT /usr/local/bin/upszima
PIPEFN /run/nut/upssched.pipe
LOCKFN /run/nut/upssched.lock
AT ONBATT * START-TIMER zima 180
AT ONLINE * CANCEL-TIMER zima

Namba 180 ni sekunde. Umeme ukikatika saa inaanza kuhesabu. Ukirudi kabla ya dakika tatu hesabu inafutwa, na aliyekuwa anaandika barua hatajua kilichotokea.

3. Tengeneza faili /usr/local/bin/upszima lenye mistari hii:

#!/bin/sh
if [ "$1" = "zima" ]; then
/sbin/upsmon -c fsd
fi

4. Lipe ruhusa ya kutekelezwa, kisha anzisha upya huduma:

sudo chmod 755 /usr/local/bin/upszima
sudo systemctl restart nut-monitor

Kuna pingamizi la haki hapa. Mtu aliye katikati ya kuchapa ripoti hapendi kompyuta imfungie baada ya dakika tatu. Nakubali, na kwa kompyuta ambayo daima ina mtu mbele yake unaweza kuweka 300. Lakini dakika tatu za mlio zinatosha kubonyeza Ctrl na S mara nyingi sana. Kompyuta inayotunza rekodi za watu wengine, mathalani seva ya OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa, katika kituo cha afya au mashine yenye mahesabu ya shule, isiongezewe hata sekunde moja kwa ajili ya starehe ya mtumiaji mmoja.

Umeme ukirudi

Sehemu hii huachwa, kisha watu hushangaa asubuhi kukuta seva imezimika wakati umeme upo. Kompyuta iliyozimwa kwa utaratibu haijui kwamba umeme umerudi kama UPS haikukata umeme wake hata kidogo. NUT inalijua tatizo hili: mwishoni kabisa mwa kuzima huiamuru UPS ikate matundu yake, na UPS huyawasha tena umeme wa ukutani ukirudi. Kwa upande wako ingia kwenye mipangilio ya BIOS wakati kompyuta inawaka, tafuta kipengele kinachotaja "AC Power Loss" au maneno ya karibu na hayo, ukiweke "Power On". Si kila UPS ya bei nafuu hutii amri hiyo. Jaribio la hapo chini litakuonyesha.

Lakini je, unataka iwake yenyewe? Kwa seva isiyo na mtu, ndiyo. Kwa kompyuta ya ofisi ya kawaida, ninavyoona, hapana. Umeme unaporudi baada ya katizo refu mara nyingi hauji umetulia, na mtu anayesubiri dakika kumi kabla ya kubonyeza kitufe anaipa betri nafasi ya kupata chaji na laini nafasi ya kutulia. Kuwaka upesi ukiwa na betri nusu ni kujirudisha kwenye hatari uliyoikimbia.

Jaribio

UPS ambayo haijajaribiwa ni tumaini tu. Fanya jaribio hili betri ikiwa imejaa, wakati hakuna kazi muhimu iliyofunguliwa.

1. Zima swichi ya soketi ukutani. Usichomoe plagi: ukichomoa, unaondoa na ethi.
2. Andika upsc ofisi@localhost ups.status. Jibu liwe OB. Likibaki OL, huenda draiva si sahihi.
3. Washa swichi kabla ya dakika tatu. Kompyuta isizime. Ikizima, kosa liko kwenye mstari wa CANCEL-TIMER.
4. Zima swichi tena, usubiri. Baada ya dakika tatu kompyuta ianze kujizima yenyewe. Pima inachukua sekunde ngapi hadi kimya kabisa.
5. Subiri uone kama UPS inakata matundu yake, kisha washa swichi na uone kama kompyuta inawaka kama ulivyopanga.

Kama hatua ya 4 haikutokea, amri ya journalctl -u nut-monitor itakueleza sababu. Mara nyingi ni nenosiri lisilolingana kati ya upsd.users na upsmon.conf, au faili la upszima lisilo na ruhusa.

Tahadhari: yasifanyike

Usiunganishe betri ya gari au ya sola kwenye UPS ndogo ili "idumu". Chaja yake iliundwa kwa ampea-saa 7. Itafanya kazi mfululizo bila kumaliza, na sehemu inayogeuza umeme, iliyotengenezwa kwa dakika chache, itapata moto. Betri ya gari nayo hutoa gesi inayolipuka ndani ya chumba kilichofungwa.

Usifungue kasha la UPS ikiwa imechomekwa. Hata ikiwa imechomolewa, matundu yake yanaweza kuwa na volti 230.

Usichomeke UPS ndani ya UPS nyingine.

Betri iliyokufa usiitupe shimoni wala kuwapa watoto wachezee: ina risasi na asidi. Irudishe kwa muuzaji au kwa wanaonunua betri chakavu.

Sola, jenereta na kompyuta mpakato

Mwenye mfumo wa sola wenye betri kubwa atasema haihitaji UPS. Ana umeme mwingi kuliko sisi, kweli, lakini inveta nyingi za nyumbani haziiambii kompyuta chochote. Betri ikifika kikomo usiku inveta hukata, na kompyuta huanguka kama ya jirani asiye na sola. UPS ndogo iliyowekwa kati ya inveta na kompyuta inatatua hilo, kwa sharti kwamba inveta inatoa wimbi safi. Inveta za bei rahisi zenye wimbi la ngazi huifanya UPS iamini kwamba umeme ni mbovu na kuhamia kwenye betri bila kukoma. Jenereta ndogo nazo husumbua hivyohivyo, maana kasi yake hupanda na kushuka. Baadhi ya UPS zina mpangilio wa kupunguza ukali wa kupima, utumie.

Pingamizi lililobaki ndilo lenye nguvu kuliko yote: kompyuta mpakato ina betri yake, na Linux inajua kuisoma bila NUT. Sina jibu la kulipinga. Kama unaanza na fedha mkononi kwa kazi ya mtu mmoja, nunua mpakato. Mwongozo huu ni wa waliokwisha kuwa na mashine za mezani, wakiwamo waliozihamishia Linux mashine nzima baada ya usaidizi wa kawaida wa Windows 10 kukoma tarehe 14 Oktoba 2025, na wa wenye seva inayohudumia watu zaidi ya mmoja.

Orodha ya kukagua

☐ UPS imechomekwa ukutani, kwenye soketi yenye ethi
☐ Printa haipo upande wa betri
☐ upsc inajibu OL
☐ Muda wa kuzima ni sekunde 180
☐ Jaribio la swichi limefanyika hadi mwisho
☐ BIOS imepangwa kulingana na kazi ya kompyuta
☐ Nakala ya mafaili muhimu ipo nje ya kompyuta hii, kwa kuwa UPS haizuii diski kufa wala wizi
☐ Tarehe ya betri imeandikwa

Kuhusu hilo la mwisho: betri hizi hudumu miaka mitatu hadi mitano kwenye chumba cha nyuzi 25, na umri huo hupungua kwa karibu nusu kila joto likipanda nyuzi kumi. Chukua kalamu ya wino usiofutika, andika mwezi na mwaka juu ya kasha leo, na urudie jaribio la swichi kila baada ya miezi mitatu. Siku kompyuta itakapozimika kabla dakika tatu hazijatimia, nunua betri nyingine.